Daftari la homa: Copilco hadi Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), Aprili na Mei 2009

Kazi yangu ni kuongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2009 nilikwenda Mexico City miezi mitatu kujifunza Kihispania, maana wageni wa lugha hiyo walikuwa wanaongezeka na mimi nilikuwa naishia kwenye "hola" na "gracias". Nilipanga chumba Copilco, jirani na chuo kikuu cha UNAM, kwa mama mmoja mjane. Tulikuwa wapangaji watatu: mimi, Mjapani na Mfaransa. Haya ni ya kwenye daftari langu la kila usiku. Nimeyapunguza, hasa malalamiko kuhusu vitenzi vya Kihispania.

Alhamisi, 23 Aprili

Saa tano usiku mama mwenye nyumba ametugongea milango tuje sebuleni. Waziri wa Afya yuko kwenye televisheni: kesho hakuna masomo, kuanzia chekechea mpaka vyuo vikuu, jijini na kwenye jimbo linalolizunguka jiji. Mimi nimeshika maneno mawili tu, "influenza" na "nuevo". Mfaransa katutafsiria mengine. Ni kirusi kipya cha mafua, na maabara ya Winnipeg, Kanada, imekithibitisha.

Kilichonitoa usingizi ni kusikia kwamba vijana na watu wazima wenye nguvu zao wanakufa kwa nimonia. Mafua ya kila mwaka huwaandama vichanga na wazee. Haya yanawatafuta watu wa umri wangu.

Nimefungua kisanduku changu cha huduma ya kwanza, kile ninachopanda nacho mlimani. Kuna kipimajoto, kipima oksijeni cha kidoleni, panadoli, pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, bandeji. Barakoa hakuna hata moja. (Neno barakoa lenyewe sikuwa nalo wakati ule. Kwenye daftari nimeandika "maski".)

Joto: 36.4. Nimelianzishia ukurasa wake nyuma ya daftari, asubuhi na jioni.

Ijumaa, 24 Aprili

Nimezunguka maduka matatu ya dawa. Yote yamebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono, "no hay cubrebocas", hakuna vifunika midomo. Mwishowe nimepewa bure na askari jeshi kwenye mlango wa metro, moja ya rangi ya buluu, nyembamba kama karatasi ya kufungia maandazi.

Ndani ya behewa nimejifunza mengi kwa kutazama watu. Huyu kaivaa chini ya pua. Huyu kaishusha shingoni apige simu, kisha kaipandisha kwa vidole vilevile vilivyoshika bomba la kujishikizia. Mwingine kaikunja akaitia mfukoni pamoja na chenji. Barakoa inashikwa kwenye mipira ya masikioni tu. Ikilowa pumzi, itupwe. Na haiondoi haja ya kunawa mikono, wala ya kukaa mbali na mtu anayekohoa. Wageni wangu huwa nawaeleza hivi kuhusu glavu: ukizivua ukaziweka kwenye theluji, umejivalisha theluji.

Nauli ya metro ni peso 2. Leo nimelipa, nimeshuka vituo viwili baadaye, nikarudi kwa miguu.

Jumamosi, 25 Aprili

Shirika la Afya Duniani limetangaza dharura ya afya ya kimataifa. Ni mara ya kwanza tangu kanuni zao mpya zianze kutumika.

Kaka kapiga simu kutoka Moshi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Dogo, unakohoa?"

"Sikohoi."

"Huku wanasema ni homa ya nguruwe. Sisi kitimoto tumeacha toka jana."

Nimecheka mpaka nikakohoa kweli, ikabidi nijitetee upya. Homa ya nguruwe tunayoijua nyumbani, ile inayofagia mabanda, ni ugonjwa mwingine kabisa na haimshiki binadamu. Haya ni mafua. Kirusi kina asili ya nguruwe, ndiyo, lakini sasa mtu anampa mtu, kwa kikohozi, chafya na mikono. Nyama iliyopikwa ikaiva haina kosa. Sijui kama amenielewa. Amesema watasubiri kidogo kwanza.

Jumapili, 26 Aprili

Makanisa hayana misa. Uwanja wa chuo hauko mbali na hapa, na mchana Pumas, timu ya chuo, wamecheza na Guadalajara bila mtazamaji hata mmoja. Tumeangalia kwenye televisheni. Unasikia wachezaji wakiitana, unasikia mpira ukipigwa, na kipa akitukana, neno nililolielewa bila mkalimani.

Mama mwenye nyumba ana kisukari. Nimelijua leo tu, nilipomwona anajichoma sindano jikoni. Mwenye kisukari mafua haya yanaweza kumlaza vibaya kuliko mtu mwingine. Tumekubaliana nyumbani: hakuna busu la shavuni, ambalo kwake ni kama kunyimwa salamu, kila mtu na taulo lake, dirisha la jikoni liwe wazi, na anayepata homa aseme saa hiyohiyo. Sheria hii ya mwisho niliipendekeza mimi.

Jumatatu, 27 Aprili

Saa sita kasoro robo mchana ardhi imetikisika. Taa ya sebuleni imepiga bembea, tumetoka mbio. Mtaa mzima uko nje, nusu wamevaa barakoa, na watu waliokaa siku nne wakikwepana sasa wameshikana mikono. Baada ya dakika chache kila mtu akakumbuka, akarudi hatua mbili nyuma. Tumerudi ndani, tumenawa.

Jioni Shirika la Afya Duniani limepandisha tahadhari kutoka ngazi ya 3 hadi ya 4.

Jumanne, 28 Aprili

Migahawa ya jiji imefungwa, chakula ni cha kubeba tu. Kuba na Ajentina zinasimamisha ndege za kutoka huku.

Mjapani amepata ujumbe kutoka ubalozi wao: afikirie kuondoka mapema, kabla ndege hazijapungua. Mfaransa naye ana namba ya kupiga. Mimi nchi yangu haina ubalozi hapa, wa karibu uko Washington. Basi nimejikalia mezani na mawaidha ya mataifa mawili yasiyo yangu, nikachukua yanayonifaa. Nimewaandikia Washington barua pepe: jina, namba ya pasipoti, anwani ya Copilco, simu ya kaka, tarehe ya safari. Sikuwa naomba kitu. Nilitaka tu mtu wa serikali yangu ajue niko wapi.

Kisha nimepanga makaratasi kama navyopanga mizigo ya wagumu, wapagazi wetu wa mlimani. Nakala mbili za pasipoti, moja kwa mama mwenye nyumba. Kadi ya manjano ya chanjo. Tiketi. Karatasi ya Kihispania yenye kundi la damu, dawa ninazotumia (hakuna), dawa zinazonidhuru (salfa), na mtu wa kupigiwa. Fedha taslimu za siku kumi, kwa sababu benki zikifunga, kadi ni plastiki tu. Chakula na maji vya wiki. Hati ya bima nimeisoma mpaka maandishi ya chini. Inalipa mguu ukivunjika, inalipa begi likipotea. Magonjwa ya mlipuko haiyalipi. Ningesoma mstari huo kabla ya kulipia, lakini nani husoma?

Jumatano, 29 Aprili

Ngazi ya 5. Rais Calderón ameonekana usiku akiwataka watu wabaki nyumbani kuanzia tarehe 1 hadi 5 Mei. Mjapani amefunga sanduku.

Swali la kuondoka au kubaki nimeligeuza kila upande. Tiketi yangu ni ya 9 Mei. Kuibadilisha ni fedha ambazo sina, na uwanja wa ndege ndipo watu wanapobanana kuliko popote. Nyumba ina hewa, maji yanatoka, hospitali ninaijua njia. Mlimani hali ya hewa ikiharibika, si kila mara kushuka ndiyo salama. Nimebaki.

Ijumaa, 1 Mei

Jiji limezimika. Nimetembea barabara ya Insurgentes katikati kama mfalme.

Joto asubuhi 36.5, jioni 36.6. Koo linakwaruza kidogo. Hapa ni mita 2,240 juu ya bahari, hewa kavu, kila mgeni koo humkwaruza. Ndivyo nilivyojiambia.

Jumamosi, 2 Mei

Uchina imesimamisha ndege za Meksiko, na Wameksiko waliokuwa kule wanawekwa karantini, hata wasio na dalili. Hong Kong wamefunga hoteli nzima kwa siku saba, wageni na wafanyakazi karibu 300, kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyetoka huku. Nimesoma habari hiyo mara tatu nikiwa nimejifunika blanketi, na jua liko nje.

Saa kumi na moja jioni: 38.1.

Nimepima tena. 38.2.

Naandika hivi ilivyokuwa. Nimekirudisha kipimajoto kisandukuni. Nimemeza panadoli mbili. Saa moja usiku nimeketi mezani na mama mwenye nyumba, tumekula, nimemwambia chakula ni kitamu, na alipouliza mbona macho mekundu nimesema nimesoma sana. Mawazo yangu yalikuwa kwenye tarehe 9: uwanjani watu wanapimwa joto, na mwenye homa hapandi.

Miaka saba nimewasikiliza wageni wakinidanganya pale kambi ya Barafu. Kichwa hakiumi, wanasema, wakati uso umevimba na hatua zinapepesuka. Wamelipia kufika kileleni na wanaogopa nitawashusha. Nilikuwa najiuliza mtu mzima anadanganyaje juu ya mwili wake mwenyewe.

Jumapili, 3 Mei

Usiku homa imepanda, alfajiri imefika 39, misuli inauma kama nimebeba mizigo ya watu wawili, kikohozi kikavu. Saa kumi na mbili asubuhi nimevaa barakoa nikasimama mlangoni pa jikoni, sikuingia.

"Señora, nina homa. Imeanza jana jioni, kabla ya kula."

Amenitazama. Ameweka sufuria chini, akafungua dirisha la pili. Hakusema neno juu ya jana. Kaenda kupiga simu ya jiji ya wagonjwa, akanipa anwani ya zahanati ya kwenda, na akasisitiza: teksi hapana, metro hapana, tembea. Ni dakika ishirini. Nimetumia arobaini.

Zahanati imetenga hema la wenye kikohozi, kando na wagonjwa wengine, viti vimeachana. Muuguzi ametia kijiti chenye pamba puani mpaka nikahisi kimefika nyuma ya jicho. Oksijeni ya damu, asilimia 93. Kwa urefu huu sikustuka, na daktari naye hakustuka. Amenisikiliza mapafu mbele na nyuma, kisha kauliza swali moja mara mbili:

"Imeanza saa ngapi?"

Saa kumi na moja, jana. Amehesabu kwa vidole: saa kumi na nane zimepita. Dawa ya oseltamivir inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48. Nimepewa vidonge vya miligramu 75, asubuhi na jioni kwa siku tano, nimalize hata nikipata nafuu. Hakunipa antibiotiki. Nilipoziomba, kama tulivyozoea, akasema hizo ni za bakteria, na kirusi hazikigusi, labda nimonia ikifuata. Ameniandikia karatasi dalili za kunirudisha haraka: pumzi fupi nikiwa nimekaa, maumivu ya kifua, midomo kuwa ya buluu, kuchanganyikiwa, kutapika kusikokoma, au homa kuondoka kisha kurudi kwa nguvu. Hii ya mwisho huwadanganya wengi, kasema, kwa sababu mtu anakuwa ameshajiona mzima.

Majibu ya kipimo? "Tutakupigia." Sampuli za nchi nzima zilikuwa zimepanga foleni.

Jumatatu 4 hadi Jumatano 6 Mei

Chumba, dirisha, ukuta. Mama mwenye nyumba anaacha sahani mlangoni, anagonga mara mbili, anaondoka. Sahani nikimaliza naiosha bafuni kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuitoa. Choo tumeshindwa kutenganisha, kwa hiyo kila nikitoka nafuta mpini, bomba na swichi kwa dawa ya madoa iliyochanganywa na maji, na dirisha naliacha wazi.

Jumanne jioni homa imeshuka yenyewe: 37.1, bila panadoli tangu asubuhi. Nimeona hilo la panadoli niliandike kila mara pembeni ya namba, kwa sababu 36.8 yenye panadoli ndani yake ni uongo mtupu.

Kila nikisikia kikohozi upande wa jikoni, moyo unaniruka. Namuuliza kupitia mlango: "Señora, umejipima?" Kipimajoto ana chake, nilimtuma Mfaransa akamnunulia. Ananisomea namba. 36.2. 36.5. Jana alisoma sukari yake badala ya joto, tukaogopana bure.

Alhamisi, 7 Mei

Vyuo vimefunguliwa. Mtaani honi zimerudi. Mimi bado ndani.

Ushauri ni siku saba tangu dalili zianze, na siku nzima bila homa. Kwangu siku ya saba inaangukia tarehe 9, siku ya safari yenyewe. Nimepiga simu kwenye shirika la ndege nikaeleza kila kitu. Wamenisogeza hadi tarehe 12 bila faini, kwa sababu ya mlipuko. Ile faini iliyonifanya nikae kimya Jumamosi ile haikuwepo kabisa.

Jumatatu, 11 Mei

Leo hata shule za msingi zimefungua. Nimeaga. Mama mwenye nyumba ni mzima. Tumesimama kila mmoja upande wake wa meza, amejibusu vidole akavipeperusha.

Jumanne, 12 Mei

Uwanja wa ndege wa Mexico City. Kabla ya kufika kwenye dawati, kila msafiri anapewa fomu ya afya na kupita mbele ya kamera ya joto. Homa, kikohozi, maumivu ya mwili siku za karibuni: ndiyo au hapana.

Mfaransa, aliyenisindikiza, kainama sikioni. "Weka hapana. Umepona. Nani atajua?"

Nimeweka ndiyo. Pembeni nimeandika: homa 2 hadi 5 Mei, dawa imekamilika 8 Mei. Kijana wa afya amesoma, akanyanyua mkono kumwita mkubwa wake, na foleni nyuma yangu ikafunguka kama nimemwaga mafuta ya taa. Nimekalishwa kando. Wamesoma cheti cha daktari, wameniangalia ukurasa wa nyuma wa daftari, namba zote za asubuhi na jioni, wamenipima: 36.7. Daktari wao, mama wa makamo, alikaa kwenye tarehe 2 Mei kwa muda, pale penye 38.1 na 38.2 na chini yake hakuna kitu mpaka asubuhi.

"Hapa ulikuwa wapi?"

"Mezani," nimesema. "Nakula."

Ametikisa kichwa, akanisainia. Dakika ishirini na tano jumla.

Ndege ina viti vitupu vingi. Nimechukua dirishani, ambako watu hawakupitii, nimebadilisha barakoa kila ilipolowa, zilizotumika nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Meza ya kiti nimeifuta kwanza. Jirani yangu wa safu ya pili alikohoa mara moja, na vichwa kumi viligeuka.

Jumatano, 13 Mei

Amsterdam. Hapa mgonjwa wa kwanza alipatikana mwishoni mwa Aprili, mtoto aliyetoka Meksiko na wazazi wake. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nimelala kwenye benchi la Schiphol. Mzee mmoja kauliza natoka wapi, nimemjibu, akahamisha begi lake taratibu, kwa adabu, viti vitatu.

Alhamisi, 14 Mei

KIA, usiku, hewa ya Kilimanjaro. Afisa wa afya kasoma pasipoti yangu, akaona muhuri.

"Karibu nyumbani kaka. Meksiko? Hebu kaa hapo kidogo."

Nimempa cheti, daftari, simu yangu na ya kaka. Amenipima, akanieleza nijipime siku saba zaidi, nikiona homa nipige simu kwanza, nisiende hospitali kukaa benchi na watu. Yote nilikuwa nayajua, lakini kuyasikia kwa Kiswahili kumenituliza namna nyingine.

Nje kaka kaegemea pikapu. Nimesimama mbali.

"Shikamoo. Usinipe mkono, na usinikumbatie. Nilipata homa kule. Imepona, ila bado najipima."

Amenyamaza. Ameangalia begi, ameniangalia mimi, akafungua mlango wa nyuma wa pikapu, ule wa kupakilia mahindi.

"Marahaba. Haya, panda huko. Blanketi lipo."